Imani Isiyoogopa Maswali: Safari ya Wakristu wa Butembo na Beni



Komite ya Jubilei imetupatia kazi ya kuandika kurasa za historia. Kwa desturi, historia ya namna hii huhesabu: nyumba zilizojengwa, watoto waliobatizwa, ndoa zilizobarikiwa, mapadri waliopita. Hesabu hizo mtazikuta mahali pengine katika kitabu hiki. Sisi tumependelea kuandika juu ya jambo ambalo halihesabiwi, nalo ni imani yenyewe. Ilifika kwetu kwa njia gani? Ilijaribiwa na mambo gani? Na leo imesimama juu ya nini?

Tumechagua swali hili kwa sababu vijana wetu wanatuuliza. Wanasoma katika vyuo vikuu, wana simu mkononi, wanasikia maneno ya dunia nzima. Wanauliza kama Mungu yuko kweli, kama dini si mali ya wakoloni, kama mapadri wanasema kweli, na kwa nini Mungu anaacha watu wa Beni wachinjwe. Kuna wazazi wanaojibu kwa kuwanyamazisha: “Usiulize, utatenda zambi.” Wanafanya hivyo kwa upendo, maana wanaogopa kumpoteza mtoto. Lakini tulipoangalia nyuma, tuliona kwamba kila mara maswali yalipofungiwa mlango, yalitafuta dirisha. Na kila mara yalipopokelewa, imani yetu ilipata nguvu mpya. Hilo ndilo tunalotaka kuonyesha.

1. Waliotuletea imani walitoka katika vita ya imani

Mwaka 1929 Waasumsioni wa kwanza walifika katika inchi yetu ya Beni na Lubero. Tunapokaribia mwaka 2029, jimbo letu linajitayarisha kutimiza miaka mia moja ya kufika kwao. Wakati ule sehemu zetu zilikuwa chini ya Vikarieti ya Stanley Falls, iliyoongozwa na Mapadri wa Moyo Mtakatifu. Mwaka 1934 Misioni ya Beni ilitengwa nayo, na mwaka 1938 ikawa Vikarieti, Monsinyori Henri Piérard akiwa mchungaji wake. Mwaka 1959, Papa Yohane wa XXIII alipoanzisha majimbo kamili katika Kongo, Beni ikawa jimbo. Mwaka 1967 likapewa jina la Butembo-Beni.

Wengi wetu tunajua tarehe hizo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni mahali Waasumsioni walipotoka kabla ya kuja kwetu. Shirika lao lilianzishwa na Padri Emmanuel d'Alzon mwaka 1845 katika mji wa Nîmes, Ufaransa. Ufaransa ile haikuwa tena inchi ambayo mfalme na askofu walikaa meza moja. Watu wengi wenye elimu walikuwa wameiacha Eklezya, na serikali ilitaka shule zisizomtaja Mungu. Waasumsioni waliingia katika vita hiyo kwa maneno na kwa karatasi. Toka mwaka 1883 gazeti lao La Croix lilitoka kila siku. Mwaka 1900 mahakama ya Paris iliamua kulivunja shirika lao katika Ufaransa, na wengi wakakimbilia inchi zingine, Ubelgiji ikiwa mojawapo. Mwaka 1905 sheria ikatenga kabisa Eklezya na serikali ya Ufaransa.

Basi wale walioketi na mababu zetu chini ya miti, wakiwafundisha Ishara ya Msalaba, walikuwa wana wa shirika lililoonja mapema jambo ambalo sisi tunaliona sasa: dunia inayoweza kwenda kazini, shuleni na sokoni bila kumtaja Mungu.

Ni haki kusema pia kwamba katika vita ile hawakukosa kosa. Katika kesi ya Kapiteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi aliyehukumiwa kwa uongo mwaka 1894, gazeti La Croix lilishika upande wa waliomshitaki na likaandika maneno ya chuki juu ya Wayahudi. Mwaka 1998 gazeti lenyewe liliungama kosa hilo mbele ya wasomaji wake. Hatuandiki hayo kwa kuwaaibisha baba zetu katika imani. Tunayaandika kwa sababu yana fundisho. Watu waliosali kila siku, waliopenda Eklezya hata kuteswa kwa ajili yake, walipotoka katika kweli walipoacha kupima maneno waliyoyapenda kusikia. Bidii pasipo kupima inaweza kumsulubisha asiye na kosa.

2. Swali lilikuwa la kitabu

Misioni ilikuja pamoja na ukoloni, hatuwezi kuficha. Toka mapatano ya mwaka 1906 kati ya serikali ya Mfalme Leopold wa II na Vatikano, misioni za kikatolika zilipewa mashamba, nazo zikapaswa kufungua shule. Wazee wetu waliona watu watatu wakitembea karibu: mtu wa serikali aliyedai kodi, mtu wa kampuni aliyetafuta wafanyakazi wa zahabu, na padri aliyetafuta roho. Kwa mtu wa kijiji haikuwa rahisi kuwatofautisha, hasa kwa kuwa wote watatu walikuwa wageni na mara nyingi walisemezana katika luga asiyoisikia. Mji wetu wa Butembo wenyewe ulikua karibu na kambi ya kampuni la madini.

Katika shule na katika mafundisho ya ubatizo, mababu zetu walijifunza katekisimu kwa moyo. Katekisimu ilikuwa na maswali na majibu. Lakini tuangalie vizuri: swali lilikuwa la kitabu, na jibu vile vile lilikuwa la kitabu. Mwanafunzi hakuleta swali lake. Njia hiyo ilikuwa na faida kubwa, maana watu wasiojua kusoma waliweza kubeba mafundisho kichwani mpaka kaburini, na wengi waliishi nayo vizuri kuliko sisi wenye vitabu. Ila maswali ya moyoni yalibaki nje ya mlango wa shule.

Yalikuwa maswali gani? La kwanza lilihusu Mungu mwenyewe. Jina la Nyamuhanga halikuletwa kutoka Ulaya. Wanande walimjua kama Mwumbaji kabla ya mzungu wa kwanza kupanda milima yetu. Wamisionari walilikubali jina hilo, na mpaka leo tunasali nalo katika Kinande. Lakini ikiwa Nyamuhanga ndiye Mungu wa kweli, mababu waliokufa kabla ya ubatizo wako wapi? Ikiwa alikuwa pamoja nasi toka zamani, kwa nini desturi zetu karibu zote zilihesabiwa kuwa za shetani? Mzee aliyeuliza hayo hakuwa mpagani mwenye kichwa kigumu. Alikuwa anafanya kazi ya teolojia.

Aliyemsikiliza mara nyingi ni katekista. Tukumbuke kwa heshima wakatekista wetu wa kwanza, ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote. Padri alipita kijijini mara chache kwa mwaka, katekista alikaa. Yeye ndiye aliyeulizwa usiku karibu na moto, naye alijibu kwa akili yake na kwa Kinande safi. Imani yetu ilipandwa na wamisionari, lakini katika vijiji vingi ni katekista aliyeipalilia.

Mahali ambapo maswali hayakupata mtu wa kuyapokea, yalilipuka. Mwaka 1944, katika sehemu za Masisi na Lobutu, watu wa Kitawala waliinuka chini ya Bushiri. Walikuwa wamesoma Biblia na kuona kwamba maneno yake juu ya haki hayafanani na maisha ya kazi ya nguvu. Serikali ya ukoloni iliwajibu kwa bunduki. Hatusifu mafundisho ya Kitawala, lakini swali lao lilikuwa la kweli, na Eklezya ya wakati ule haikulisikia vya kutosha.

3. Mlango unafunguliwa

Mwaka 1956 mapadri weusi, mmoja wao Vincent Mulago wa Kivu, walitoa katika Paris kitabu cha pamoja cha kujiuliza juu ya imani na Afrika. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa bado mwanafunzi, alibishana hadharani na mwalimu wake, Padri Alfred Vanneste, juu ya swali hili: je, inafaa kuwa na teolojia ya Kiafrika? Mwanafunzi alisema inafaa. Mwalimu aliona kwamba teolojia ni kwa watu wote, na kwamba Waafrika wanapaswa kwanza kuimiliki ile ya Eklezya nzima. Tunapenda kisa hicho, kwa sababu mwanafunzi hakufukuzwa na mwalimu hakudharauliwa. Wote wawili walibaki katika Eklezya moja, na Tshibangu baadaye akawa askofu.

Kiisha Konsilio ya Pili ya Vatikano, toka 1962 mpaka 1965, ikafungua mlango wenyewe. Katika hati yake juu ya Eklezya katika dunia ya leo, Konsilio ilisema neno zito: watu wakimkana Mungu, pengine sisi waamini tuna sehemu katika kosa hilo, tunapofundisha vibaya ao tunapoishi kinyume cha tunayoyasema. Kabla ya hapo tulizoea kusikia kwamba asiyeamini ni mwenye kiburi. Sasa maaskofu wa dunia nzima walituambia tujiangalie sisi wenyewe kwanza.

Mwaka 1966 Monsinyori Piérard alimwachia kazi Monsinyori Emmanuel Kataliko, mwana wa inchi hii. Hapo misa katika luga zetu, ngoma kanisani, na mashirika ya wakristu katika mitaa vikaanza kuwa mambo ya kawaida. Shirika lilibadilisha namna ya kuamini. Mama aliyekaa kimya kanisani miaka ishirini alifungua mdomo katika shirika, akasoma Evangelio na kusema alivyoisikia. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, ambamo mababu wenye moyo mnyofu wanaitwa wasali pamoja nasi. Lile swali la mzee wa zamani juu ya mababu zake lilikuwa limefika mpaka altareni.

Tumtaje pia jirani yetu, Padri Bénézet Bujo wa jimbo la Bunia, aliyefundisha maadili katika Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, na aliyefariki mwaka 2023. Alifundisha kwamba Kristu anaweza kueleweka kwetu kama Babu wa kwanza, mwenye kutimiza yaliyokuwa mazuri katika mababu wote. Alitoka milima iliyo karibu na yetu, na wazungu walikaa mbele yake kama wanafunzi.

4. Serikali iliyotaka kuwa dini

Wazee wanaokumbuka miaka ya 1971 mpaka 1977 wanajua namna imani ilivyojaribiwa. Inchi ilipoitwa Zaire, serikali ilileta siasa ya kurudi kwenye asili. Mwaka 1972 majina ya kikristu yalikatazwa, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli haikuwa tena sikukuu ya taifa, shule za Eklezya zikachukuliwa na serikali, na sanamu za dini zikaamriwa kuondolewa katika nyumba za watu wote, ibaki picha ya Rais peke yake. Waziri mmoja alisema hadharani kwamba chama ndicho eklezya, na mwanzilishi wake ndiye masiya.

Tuangalie vizuri jambo hilo. Serikali isiyo ya dini fulani si adui wa Mungu. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema kwamba serikali ya Kongo si ya dini yoyote, na sisi wakatoliki tunaweza kuikubali hivyo, maana inamlinda Mprotestanti, Mwislamu, Mkimbangu na mkatoliki sawasawa. Hatari ya miaka ile ilikuwa nyingine. Serikali ilimwondoa Mungu katika shule ili ikae yenyewe katika kiti chake. Mtu anaweza kukosa Mungu kwa kutosali, na anaweza kukosa Mungu kwa kumsalia mtu.

Hata hivyo, swali la serikali juu ya majina halikuwa la kijinga. Kwa nini mkristu wa Lubero alazimike kujulikana kwa jina la mtakatifu wa Ulaya? Je, Kambale na Paluku, Masika na Kavira, majina ambayo mama zetu walitupatia kadiri ya nafasi yetu ya kuzaliwa, hayawezi kusimama mbele ya Mungu? Wakristu walijibu kwa akili. Walichukua majina ya mababu bila kuona haya, na jina la ubatizo wakalishika moyoni. Kiisha, tarehe 15 mwezi wa nane 1985, Papa Yohane Paulo wa II alikuja Kinshasa kumtangaza mwenye heri Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1964 kwa sababu hakukubali kuvunja nadhiri yake. Toka siku ile Anuarite ni jina la ubatizo.

Shule zilirudishwa kwa mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977. Wakati zilipokuwa zimechukuliwa, wazazi waliokuwa wamezoea kumwachia masista kazi ya kufundisha dini walipaswa kuifanya wenyewe. Wengine waliweza. Wengine waligundua kwamba wenyewe hawajui wanaamini nini. Jaribu lile lilitupima kweli.

5. Imani inayofikiri na kujenga

Monsinyori Kataliko aliongoza jimbo letu miaka thelathini na mmoja. Wengi wenu mnakumbuka alivyowahimiza wakristu juu ya mashamba, barabara, shule na mahospitali, wakati serikali ilipokuwa haionekani tena. Mwaka 1989 alianzisha Chuo Kikuu Katolika cha Graben, hapa Butembo. Kwa nini askofu wa watu waliokosa barabara alitaka chuo kikuu? Kwa sababu aliona kwamba mtoto wa mkulima anapaswa kupata mahali pa kuuliza maswali makubwa bila kuacha imani yake mlangoni. Mwanafunzi wa udaktari, wa kilimo ao wa sheria anajifunza kupima, kuhakikisha, na kukubali kwamba alikosea. Hayo ni maadili ya kikristu pia.

Mwaka 1997 alipelekwa Bukavu kuwa askofu mkuu, mahali ambapo Monsinyori Christophe Munzihirwa alikuwa ameuawa mwaka 1996. Katika barua yake ya Noeli 1999 aliwaambia wakristu kwamba inchi inaporwa na wageni, na kwamba Wakongomani wengine wanawasaidia. Akawaomba wasiwe washiriki wa uovu huo. Tarehe 12 mwezi wa pili 2000, wakuu wa uasi wa RCD walimfukuza Bukavu na kumrudisha Butembo. Walifikiri wanampa azabu, kumbe walimleta kwa watu wake. Alirudi Bukavu mwezi wa tisa, na mwanzoni mwa mwezi wa kumi alifariki karibu na Roma. Yeye alitufundisha kwamba kuuliza “nani anafaidika na vita hii?” kunaweza kuwa sala.

Funzo hilo halikuishia kwake. Goma, mwaka 2007, kijana Floribert Bwana Chui, aliyefanya kazi ya kupima vyakula mpakani, alikataa rushwa ili asiache vyakula vibovu viingie sokoni. Aliuawa kwa ajili hiyo. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 alitangazwa mwenye heri katika Roma. Aliishuhudia imani yake ofisini, kwenye karatasi na muhuri. Katika dunia ya leo, hapo ndipo wengi wetu tutaulizwa kama tunaamini.

6. Mwaka wa Ebola: tulipochanganya swali na uvumi

Sasa tuseme jambo linalotuhusu sisi wenyewe, na si la sifa. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia sehemu za Beni. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ilikuwa imeshika watu 3.470, na 2.287 kati yao walikufa. Kanisani tuliacha kupeana mikono wakati wa amani, tukanawa mikono mlangoni. Hayo yalikuwa rahisi. Gumu lilikuwa kuamini.

Wengi kati yetu walisema Ebola haipo, ao imeletwa ili kutumaliza, ao ni biashara ya wakubwa. Uvumi huo haukutoka hewani. Watu waliokuwa wanauawa kwa mapanga toka 2014 waliona dunia inakuja mbio kwa ajili ya ugonjwa, na magari mengi, na askari. Kura ya Rais ya tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018 ilipopita Beni na Butembo bila wao kupiga, kwa sababu iliyotajwa ya Ebola, wakati masoko na makanisa yalikuwa wazi, watu walikuwa na haki ya kuuliza. Na mwaka 2021 tume huru ilihakikisha kwamba wamoja kati ya waliokuja kupigana na Ebola waliwatumia vibaya wanawake wetu. Maswali yetu mengi yalikuwa ya haki.

Lakini swali la haki liligeuka uvumi, na uvumi ukashika silaha. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 mwezi wa nne 2019, siku ya Ijumaa Kuu, katika hospitali ya Chuo Kikuu chetu cha Graben, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutuponya, aliuawa kwa risasi. Siku ile ile tulikuwa tunabusu Msalaba.

Na wakati huo huo, akili ya watu wetu ilikuwa inafanya kazi ya ajabu. Chanjo ililinda watu zaidi ya laki tatu. Toka mwezi wa kumi na moja 2018 dawa nne zilipimwa katika sehemu zetu, na katika mwezi wa nane 2019 mbili kati yake zilionekana kuponya vizuri zaidi. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, nayo ilitafutwa pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani. Watu wa dunia nzima watakaoshikwa na ugonjwa huo watatunzwa kwa maarifa yaliyohakikishwa hapa, kwa wagonjwa wa Beni na Butembo.

Tofauti ya swali na uvumi ni nini? Anayeuliza anangoja jibu, na yuko tayari jibu limbadilishe. Mwenye uvumi amekwisha kujua. Imani inayopima haimaanishi kutilia mashaka kila kitu. Asiyeamini lolote hudanganywa upesi kama yule anayeamini kila neno. Tunapaswa kutubu kwa ajili ya mwaka ule, maana wengi walionyamaza walikuwa wanajua kweli.

7. Swali zito kuliko yote

Toka mwezi wa kumi 2014, mauaji ya Beni hayakutuacha. Tarehe 19 mwezi wa kumi 2012, mapadri watatu Waasumsioni, Jean-Pierre Ndulani, Anselme Wasukundi na Edmond Bamutupe, walitekwa katika parokia ya Mbau, nasi hatujawaona tena. Tarehe 20 mwezi wa tatu 2016, siku ya Mungu ya Matawi, Padri Vincent Machozi, aliyekuwa anaandika juu ya mauaji hayo, aliuawa kwa risasi karibu na Butembo. Tarehe 27 mwezi wa sita 2021 bomu lililipuka katika kanisa la Emmanuel-Butsili, Beni, na kujeruhi wamama wawili. Wakristu wa vijijini waliouawa shambani, majina yao yanajulikana na familia zao na Mungu.

Katika mashirika yetu wamama wanauliza: “Mungu alikuwa wapi?” Tumesikia majibu mengi ya haraka. Wengine wanasema ni azabu ya zambi. Kama ni hivyo, watoto wa Eringeti walitenda zambi gani? Wengine wanasema mwenye imani kubwa hatakatwa. Basi mapadri wa Mbau walikosa imani? Katika vyumba vingi vya sala wanauza majibu ya namna hiyo, na watu wenye huzuni wanayanunua kwa franka zao za mwisho. Hayo ni majibu ya uongo, hata yakitolewa kwa jina la Yezu.

Biblia haituzuii kuuliza. Yobu alibishana na Mungu, na mwishoni Mungu aliwakemea marafiki wake, wale waliokuwa na jibu kwa kila jambo. Bikira Maria alimwuliza malaika itawezekanaje. Toma aliomba kuona vidonda, na Bwana hakumfukuza. Yezu mwenyewe juu ya Msalaba alimwuliza Baba yake sababu ya kumwacha. Mkristu anayelia swali hilo katika Beni hajatoka katika imani. Amefika mahali Yezu alipofika.

Sisi hatuna jibu linalofunga swali. Tuna ushuhuda. Mwezi wa pili 2023, Papa Fransisko alipokutana Kinshasa na watu wa Mashariki walioteswa, waliweka chini ya Msalaba vitu vya mateso yao, panga likiwamo. Hakuna aliyewaeleza kwa nini. Waliweka, wakasema watasamehe, nao walidai amani na haki. Mungu tunayemwamini yuko upande wa waliochinjwa, naye anatuuliza swali lake la zamani: ndugu yako yuko wapi?

8. Kwenu ninyi mtakaotufuata

Wageni wetu kutoka Ulaya wanatueleza kwamba katika inchi zao makanisa mengi yamebaki na wazee wachache. Leo wana wa Beni na Lubero wanafanya utume katika Ubelgiji na Ufaransa, na mwaka 2023 Waasumsioni wa dunia nzima walimchagua Mkongomani, Padri Ngoa Ya Tshihemba, kuwa mkubwa wa shirika lao. Tunamshukuru Mungu, lakini tusijivune. Makanisa ya Ulaya nayo yalijaa zamani. Hatari yetu sisi ni kanisa lililojaa watu ambao hawajajiuliza wanaamini nani. Wanaosali siku ya Mungu, na kesho yake wanakula rushwa, wanamshitaki bibi mzee kwa ulozi, ao wanatuma kwa simu uongo unaoweza kuua.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa parokia yetu. Wazazi na wakatekista wasimwambie mtoto kwamba kuuliza ni zambi. Kama hawana jibu, watafute pamoja naye. Mashirika yachukue mara kwa mara jambo moja la inchi, kama mashamba, uchaguzi, ugonjwa ao vita, na kulipima mbele ya Evangelio kwa kusikiliza wenye kujua. Na sisi sote, kabla ya kupeleka habari kwa wengine, tuhakikishe kama ni kweli, maana Bwana wetu alijiita Kweli.

Ninyi vijana, mkiona sisi wazee tunaogopa maswali yenu, mtuvumilie. Tuliyapata wakati wetu, na tulifundishwa kuyameza. Msiyameze. Yaleteni kanisani, yaleteni katika shirika, yaleteni mbele ya Sakramenti. Imani ya mababu ilivuka ukoloni, ikavuka siku za chama, uasi na Ebola, kwa sababu katika kila wakati kulikuwa na watu wachache waliotaka kujua kweli na waliokubali kuilipa.

Maria Mama wa Mungu, aliyeuliza kwanza na kisha akakubali, atuombee. Na Nyamuhanga, Mungu wa mababu zetu na Baba wa Bwana wetu Yezu Kristu, awape watu wa Butembo na Beni amani. Amina.